Magunia ya Maranda

Shuleni walimwita Mwiko, na mtu akimwita kwa jina alilopewa na wazazi wake, yeye mwenyewe aligeuka nyuma kuona ni nani anayeitwa. Alikuwa mpishi. Mrefu, mwembamba, mabega yameinama kwa sababu ya kuinamia masufuria miaka nenda miaka rudi, na mtu wa haya kupita kiasi. Akikutana na walimu njiani alipita ukutani kama paka aliyemwagiwa maji. Wanafunzi walisema Mwiko ana maneno matatu tu duniani: leta, sogea, anayefuata.

Elimu yake iliishia shule ya msingi. Baba yake alipofariki alikwenda kuchota maji katika jiko la hospitali, kisha akaosha masufuria, kisha mpishi mmoja mkongwe akamwachia mwiko akoroge. Yule mkongwe alimwachia na neno: "Mwenye njaa humlaumu mpishi kwanza. Zoea." Akazoea. Alipopata kazi ya kuwapikia wanafunzi wa sekondari alioa, akazaa binti mmoja, na binti akapata nafasi kwenye shule ileile, kwa karo ya mtoto wa mfanyakazi. Mwiko aliona dunia imemtosha.

Jiko la shule lilikuwa banda la matofali. Upande mmoja kulikuwa na ghala la chakula, mlango wake ukifungukia jikoni na dirisha lake dogo la nje limewekwa nondo. Upande wa pili lilishiriki ukuta na darasa la mwisho, na juu ya ukuta huo kulikuwa na matundu ya hewa. Kupitia matundu hayo Mwiko alisoma historia, kama kusikiliza huku mikono inakoroga ni kusoma.

Mwalimu wa historia alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya kengele. Walimwita Mwalimu Kwa Nini, maana ukimpa jibu alikuuliza kwa nini, na ukimpa sababu aliuliza sababu ya sababu. Muhula ule alifundisha mageuko makubwa ya dunia, nyakati ambazo watu walilala wakiishi hivi wakaamka wakiishi vingine. Alianza na watu wa kale walioacha kukimbiza wanyama wakaanza kupanda nafaka.

"Hapo dunia iligeuka," alisema. "Kwa nini? Aliyevuna ana akiba. Mwenye akiba ana ghala. Mwenye ghala ana mlango. Na mwenye mlango ana watu walio nje."

Siku hiyo Mwiko aliacha kukoroga, akautazama mlango wa ghala lake mpaka uji ukaanza kushika chini.

Yakafuata maandishi, mashine ya kuchapa vitabu, merikebu zilizovusha watu bahari wakiwa katika minyororo, mashine ya mvuke. Ya mvuke ilimpendeza zaidi, kwa sababu mvuke aliujua. Ulikwisha kumbabua mikono yote miwili na dunia isigeuke hata kidogo. Jioni, mezani, alimuuliza binti yake ambaye shuleni walimwita Wakili kwa jinsi alivyopenda kubishana.

"Kwa hiyo huyo bwana wa mvuke ndiye aliyechapa na vitabu?"

"Baba! Kati yao kuna kama miaka mia tatu."

"Basi aliishi sana."

Mama yake binti alicheka mpaka akaweka bakuli chini. Nyumba ile ilikuwa na vicheko vya namna hiyo, vidogo, vya kila siku, na hakuna aliyedhani vinaweza kwisha.

Kisha mvua zikanyesha kwa hasira na daraja la barabara kuu likasombwa. Lori lililoleta unga na maharage likakwama ng'ambo ya mto. Ghala likaanza kupungua, na kila siku Mkuu wa shule akisema lori litapitia njia nyingine kesho. Kesho hiyo ikawa na watoto na wajukuu. Maharage yakaisha. Unga ukabaki wa kukwangua. Mkuu, mtu mnene mwenye miwani iliyomteleza puani kila mara, aliingia jikoni akafunga mlango nyuma yake.

"Watoto wasijue," alisema. "Wakijua, wazazi watawatoa, na mtihani wa mwisho uko mlangoni. Wewe pika chochote kilichopo. Ukiulizwa, sema tunabana matumizi."

"Sawa, Mkuu," alisema Mwiko. Kwa wakubwa hakuwa na jibu jingine.

Lakini wanafunzi wana macho. Walichungulia dirisha la ghala, wakaona kuta tupu, na Mwiko aliwasikia wadogo wakinong'ona kwa hofu kwamba chakula kimekwisha, kwamba shule inafungwa. Baadhi yao walitoka mbali sana, na mlo wa shule ndio uliowashika mpaka siku ya pili. Roho ilimuuma. Ndipo akafanya jambo ambalo ni mpishi wa jiko la maranda pekee angeweza kulifikiria.

Majiko yake yalichoma maranda, yale mabaki ya mbao yanayodondoka fundi seremala anapopiga randa. Karakana ilikuwa jirani, na maranda aliyachukua bure kwenye magunia makuukuu ya unga. Asubuhi moja, kabla ya kengele, aliyabeba magunia yale yaliyoshiba maranda akayapanga ndani ya ghala, mbele ya dirisha, chapa ya kinu cha unga ikitazama nje. Mtoto akichungulia ataona magunia yamejaa. Atatulia. Hakumwambia mtu, hata Mkuu.

Wakatulia kweli, siku mbili tatu. Kisha mmoja akauliza swali ambalo Mwiko hakulifikiria: kama magunia yamejaa, mbona uji ni maji?

Njaa ni mwalimu wa hesabu asiyefaa. Wakajumlisha wakapata wizi. Mkuu anauza chakula. Walimu wanakula nyama wamejifungia. Mwiko anaondoka na kitu chini ya koti kila jioni. Foleni ya bakuli iliyokuwa ya utani ikawa ya macho makali.

"Mzee Mwiko," alisema mvulana mmoja waliyemwita Redio, kwa kuwa hakuwa na kitufe cha kuzimia, "leo uji wako nimenawia uso. Ahsante."

"Sogea," alisema Mwiko.

"Nisogee wapi? Nikiinama tu upepo unanibeba."

Waliomzunguka walicheka, lakini kicheko chenyewe kilikuwa kikavu. Binti yake alikuwa kwenye foleni hiyohiyo. Hakucheka. Alipokea bakuli bila kumtazama baba yake.

Wiki hiyo, kwa bahati mbaya ya kalenda, Mwalimu Kwa Nini alifika kwenye mapinduzi ya Ufaransa. Mwiko alisikia yote kupitia matundu. Mkate ulipanda bei. Ukavuma uvumi kwamba wakubwa wameficha nafaka ili wanyonge wafe. Watu wa Paris wakashika silaha, wakaliendea gereza la Bastille, ngome ya kutisha, wakaliteka. Darasa halikuwahi kuwa kimya namna ile. Hata Redio alinyamaza.

"Na ndani walikuta nini?" aliuliza Mwalimu.

"Wafungwa mamia!"

"Saba," alisema. "Wafungwa saba tu. Kwa nini basi siku ile inakumbukwa mpaka leo?"

Kengele ikalia kabla hawajajibu. Wakatoka na nusu ya somo, ile nusu ya kuvunja.

Jioni ile binti hakugusa chakula. Mama yake alikuwa kwa jirani. Taa ilikuwa haijawashwa, mwanga wa mwisho ukiingia mlangoni, na yeye amekaa na mikono mapajani.

"Baba, ghalani mna nini?"

Mwiko aliendelea kutafuna ingawa mdomoni hamkuwa na kitu. "Chakula cha shule."

"Nimeona magunia kwa macho yangu. Yamejaa mpaka juu."

"Basi umeona."

"Na unatupa maji. Sisi. Mimi." Sauti ilimkatika. "Wenzangu wananiuliza nyumbani kwetu tunakula nini. Nawaambia baba yangu si mwizi. Niendelee kuwaambia?"

Alitaka kumwambia. Lakini aliona uso wa Mkuu, aliona karo ya mtoto wa mfanyakazi, aliona pia, na hili ndilo lililomfunga ulimi hasa, jinsi atakavyoonekana: mtu mzima aliyecheza na magunia ya maranda kama mtoto anayejenga nyumba ya mchanga.

"Kula, mama," alisema.

Binti alisimama akaingia chumbani. Mwiko alilitazama bakuli lake mpaka hakuliona tena.

Asubuhi iliyofuata, uji ulikuwa umeanza kuchemka kwenye sufuria kubwa, lile la kubebwa na watu wawili, lililokaa jikoni hatua chache kutoka mlangoni. Mkuu aliingia akihema.

"Wamegoma kuingia darasani. Wanakuja huku. Nimeshapiga simu polisi." Alisukuma miwani juu. "Nisikilize vizuri. Ukifungua mlango huu, huna kazi. Na nikikuta umevunjwa, anayewaongoza hana shule. Unamjua ni nani?"

Mwiko alijua. Sauti yake ilikuwa ikisikika uwanjani juu ya sauti zote.

"Mkuu, yule ni..."

"Najua ni wa nani. Mtihani ataufanyia ndotoni." Akatoka haraka kuelekea ofisini, na Mwiko akasikia komeo la ofisi likigonga.

Akafunga mlango wa jiko kwa komeo, akaegemea. Akifungua, yeye kwisha. Asipofungua, mlango utavunjwa, na binti yake kwisha. Jambo lilikuwa wazi kiasi hicho, na bado miguu yake haikujua iende wapi. Maisha yake yote alikuwa amengoja mtu mwenye sauti kubwa aseme, kisha yeye akasema sawa.

Nje walifika. Kupitia upenyo wa mlango aliona viatu, miguu, vumbi, na benchi refu la darasani limebebwa na wavulana sita kama jeneza. Mwalimu Kwa Nini alisimama mbele yao na mikono yake mifupi ameitandaza.

"Wekeni chini hilo benchi!"

"Mwalimu, si ulitufundisha wewe?" Redio alipaza sauti. "Mkate, uvumi, ngome! Tumebakiza ngome!"

Wakashangilia. Mwiko aliona mabega ya mwalimu yakishuka kama ya mtu aliyepigwa na mwanawe.

"Niliwafundisha yaliyotokea," alisema. "Hao watu hawakujua mwisho wake. Wengi walioshangilia siku ile waliuawa baadaye, na wenzao wenyewe. Nani kati yenu anajua mwisho wa leo? Wewe Wakili, unaujua?"

"Najua ghalani kuna chakula, Mwalimu," alisema binti. "Nimekiona. Tupishe tafadhali."

Wakampita pembeni, karibu kwa adabu, jambo lililotisha kuliko kama wangemsukuma. Redio akahesabu. Benchi likapiga. Mlango ukalia, vumbi la matofali likamdondokea Mwiko shingoni, na bawaba ya juu ikachomoka nusu.

Ndipo alipogeuka akaona sufuria.

Uji ulikuwa unatokota, mzito kiasi cha kuganda kwenye ngozi, na ulikaa sawasawa mbele ya mlango. Benchi likipenya, wavulana sita wataingia na kishindo chao chote na kuangukia humo. Alishika vishikio akajaribu kuvuta. Sufuria halikutikisika. Aliwaza kufungua komeo, akaona haraka kwamba ni yaleyale, wangedumbukia na benchi lao. Alipiga kelele, yeye ambaye hakuwahi: "Uji unachemka! Mtaungua!"

"Leo ndiyo umechemka?" mtu akajibu, na kicheko kikafuata. "Moja!" Redio alihesabu tena.

Mwiko alikimbilia dirisha la kugawia chakula, akasukuma ubao wake, akatoa kichwa na mabega nje. "Acheni! Acheni, wanangu!"

Bakuli la bati liliruka kutoka nyuma ya kundi likampiga juu ya jicho. Halikumuuma papo hapo. Alisikia tu mlio, kisha kitu cha moto kikishuka shavuni.

"Baba!"

Binti alikuwa amekwisha kuliacha kundi. Wavulana wenye benchi walisimama wakiwa wameinua mguu mmoja, na kwa kitambo kifupi hakuna aliyejua zamu ni ya nani. Mwiko aliona kwamba kitambo hicho hakitarudi. Akapiga moyo konde.

"Njoo," alimwambia binti. "Pita hapa dirishani, wewe peke yako. Nitakufungulia ghala."

"Mtego huo!" mmoja alisema.

"Mtego wa nani? Huyu ni baba yangu," alijibu, akarusha mguu dirishani.

Ndani aliona kwanza sufuria. Alilitazama, akautazama mlango, akaelewa, na uso ukamsawijika. Mwiko alifungua ghala, damu ikidondoka kwenye kufuli. Binti alilivamia gunia la kwanza, akavuta uzi wa mdomo, akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko. Akautoa. Akafungua la pili. Akafungua la tatu kwa meno.

"Maranda," alisema.

"Maranda, mama."

"Yote?"

"Yote. Unga uliobaki ndio ule unaochemka. Lori liko ng'ambo ya mto."

Alikaa chini juu ya gunia. "Nani alifanya hivi? Mkuu?"

Hapo Mwiko alipewa njia, pana na iliyofagiwa. Nje walikuwa wakianza tena kupiga kelele, na kichwa cha Mkuu kingewatosha.

"Mkuu alisema tufiche. Magunia ni mimi. Niliwaona wadogo wanaogopa. Nikadhani wakiona yamejaa..." Akafuta jicho. "Hata Mkuu hajui."

"Nikiwaambia ni wewe watakurarua. Nitasema ni yeye."

"Utasema ulichokiona na ulichokisikia."

"Baba, wana hasira!"

"Ndiyo maana. Ukiwapa uongo sasa wataenda nao ofisini na benchi lao. Polisi wako njiani. Utaurudishaje?"

Alimtazama baba yake muda mrefu, kama mtu anayemsoma upya. Kisha akaburuta gunia mpaka dirishani, wakalinyanyua wote wawili, na akalimwaga nje mbele ya wenzake. Maranda yaliruka na upepo, mepesi, ya rangi ya dhahabu, yakawaingia nywele na nguo.

"Hakuna chakula," aliwaambia. Sauti yake ya uwakili ilikuwa imekwisha, imebaki ya mtoto. "Lori limekwama, daraja limevunjika, na Mkuu ametuficha. Magunia aliyapanga baba yangu ili tusiogope. Nimeyashika mwenyewe. Mnaotaka, njooni mshike."

Hakuna aliyesogea. Msichana mmoja mdogo alianza kulia, polepole. Redio aliokota konzi ya maranda, akainusa.

"Yaani," alisema, "tulitaka kuvunja mlango tukale meza."

Mtu mmoja alicheka, kisha wengi, kicheko kibaya chenye machozi, na benchi likawekwa chini. Hasira haikuondoka, ilikaa nao. Mwalimu Kwa Nini ndiye aliyekuwa wa kwanza kuketi kwenye lile benchi, katikati ya uwanja, na sketi yake safi.

"Mimi pia sikuambiwa," alisema. "Tukae hapa mpaka Mkuu aje atuambie mwenyewe."

Wakakaa chini, safu kwa safu, na gari la polisi lilipoingia getini lilikuta shule nzima imeketi kimya, maranda vichwani. Ofisa alishuka akazunguka kama mtu aliyepotea njia. Mkuu alitoka ofisini.

"Mlango upi uliovunjwa?" aliuliza ofisa.

Mkuu aliutazama mlango wa jiko. Bawaba ilining'inia, lakini mlango ulikuwa umesimama, komeo mahali pake. Akamtazama Wakili dirishani, na Mwiko nyuma yake na damu usoni, na uwanja uliojaa macho. Miwani iliteleza, safari hii hakuisukuma.

"Hakuna," alisema hatimaye. "Hakuna mlango uliovunjwa." Kisha akawageukia wanafunzi akaanza kueleza habari ya lori, kwanza kwa sauti ya mkutano, halafu kwa sauti ya mtu aliyechoka. Walimsikiliza. Walimuuliza maswali mazito, naye akayajibu moja moja mpaka jasho likamlowesha. Walikubaliana wazazi waitwe kesho yake, na anayeweza alete chochote cha kuchangia chungu.

Uji wenyewe uligawiwa. Hakuna aliyeutania.

Baadaye Mkuu alikuja jikoni akanyoosha kiganja. "Ulifungua ghala," alisema, bila hasira. "Na uliniwekea maranda ghalani. Mtoto wako abaki, wewe uende. Ufunguo."

Mwiko aliuweka kiganjani. "Sawa, Mkuu," alisema, na kwa mara ya kwanza neno hilo alilisema akiwa amesimama wima.

Binti alimngoja getini na mkoba wa visu vya baba yake. Mwalimu Kwa Nini alikuwa amemfunga Mwiko kitambaa kichwani, kimelegea upande mmoja. Walitembea bega kwa bega. Kwenye kona, kundi la wanafunzi lililowatangulia liligeuka.

"Mzee Maranda!" Redio aliita. "Kesho tupikie kabati!"

Mwiko aliinamisha uso kama kawaida yake. Lakini binti alisimama katikati ya njia, mkono kiunoni.

"Wewe Redio! Huyu ni baba yangu. Ukitaka kumtania, njoo umwamkie kwanza."

Kisha yule mvulana akawarudia hatua kadhaa, akavua kofia yenye vipande vya maranda.

"Shikamoo, Mzee Maranda," alisema.

"Marahaba," alijibu Mwiko.